Kioo cha nyuma cha IST pale Shauri Moyo: kazi safi, risiti hamna

Kama una IST, Vitz, Passo au kigari chochote cha mlango mmoja wa nyuma na kioo chako kimekwenda na maji, soma hii kabla hujampa mtu hela, maana nimetoka kuhangaika nayo na nimeona kati ya fundi na fundi kuna tofauti ya mbingu na ardhi. Kioo chenyewe ndo sehemu rahisi ya hii kazi, kubandika ndo kuna mambo.

Chanzo kifupi tu. Watu wa kukata majani walikuwa wanapitisha ile mashine ya kamba pembeni ya maegesho pale kazini, jiwe likaruka, paaa. Kampuni yao nikaifuatilia ikaishia kunizungusha, leo meneja yuko safari, kesho meneja yuko kikaoni, nikaona isiwe tabu. Na bima yangu ni thadi pati kwaiyo hapo sina langu, thadi pati inamlipa yule uliyemgonga, kioo chako utajijua mwenyewe. Mwenye bima kubwa ndo anaweza kwenda kudai, na hata yeye asome kwanza mkataba wake unalipa vioo mpaka shilingi ngapi.

Ofisini watu wakaanza, oh kuna jamaa anaziba nyufa kwa gundi maalum nenda kwake. Jamani, hiyo ni ya kioo cha mbele. Cha mbele ni vioo viwili vimebanwa na utando wa plastiki katikati, ndo maana kikipigwa jiwe kinapasuka mistari lakini kinabaki pale pale na ufa mdogo unazibika. Cha nyuma ni kimoja tu, kimechomwa moto kikapozwa ghafla kiwandani ili kikivunjika kisikukate, kikipigwa sehemu moja kinasambaratika chote vipunje vipunje. Hakuna cha kuziba hapo. Nilichokikuta kwenye siti ya nyuma ni kilo kadhaa za punje za mahindi za kioo, na fremu tupu.

Nikafunika kwa nailoni ngumu na tepu ili nifike nyumbani, na hapa nina neno. Ile nailoni ikifunguka kona moja ukiwa unatembea, moshi wa ekzosi unaingia ndani ya gari. Gari za umbo hili zikiwa kwenye mwendo hewa ya nyuma inavutwa kurudi ndani, na hazina ukuta kati ya buti na abiria kama walionao wenye gari za saluni, zile za buti la kujitegemea. Mi nilifika kichwa kinagonga. Shusha vioo vya mbele, endesha polepole, na usimpakie mtoto nyuma. Na trafiki naye anakuona kwa mbali kama mti wa Krismasi, kosa moja elfu 30.

Sasa mafundi. Wa kwanza alikuwa jirani na nyumbani, jina tuliache. Bei yake tamu, elfu 90 kila kitu, kioo na ufundi, nusu saa tu dada unaondoka na gari yako. Nikamuuliza unabandikia nini, akanitolea tyubu ya silikoni, ile ile wanayozibia masinki na madirisha ya aluminiamu. Aisee hapana. Ile silikoni ya kawaida ukiifungua tu inanuka siki, ile harufu ni asidi, ikikutana na bati lililochunika rangi inaanza kuita kutu, na haina nguvu ya kushika kioo cha gari inayotikisika kila siku kwenye matuta ya barabara zetu. Magari ya zamani vioo vyao vilikaa kwenye raba, ukikivua unakirudisha na kamba na maji ya sabuni, biashara imeisha. Hizi za kwetu kioo kimegandishwa moja kwa moja kwenye mlango, kinachokishika ni gundi peke yake. Nikamwambia asante nitarudi, akanuna, "dada mbona unajifanya fundi, magari mangapi nimeyaweka mimi". Sawa kaka.

Mwingine akanishauri ninunue mlango mzima wa mtumba ukiwa na kioo chake, laki mbili na nusu. Na sio ushauri wa kijinga, kama mlango wako umebonyea au kutu imeula ni njia nzuri, kioo kinakuja na gundi ya kiwandani, unafungua bolti za bawaba na soketi za waya unahamisha. Ila gari yangu silva na mlango ulikuwa bluu, kwaiyo ongeza rangi, ongeza kuhamisha loki, unajikuta umefika mbali.

Ndo nikaelekezwa Shauri Moyo, Ilala, huko kwenye maduka ya spea. Huyu mzee hana bango wala jina la duka, ana kontena na kivuli cha turubai, ukiuliza mafundi vioo watakuonyesha kadhaa, wewe tafuta mzee mwenye miwani aliyepanga vioo vimesimama kwenye mbao zenye mifereji kama sahani kwenye kabati. Nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, IST ya mwaka gani. Hakuuliza bajeti, aliuliza gari. Akaangalia chesisi namba mwenyewe kwenye kibati, maana NCP60 na NCP61, hizi tunazoita old model, zinashea kioo, ila NCP110 ambayo ni new model ni bodi nyingine kabisa, kioo hakiingii hata ukikibembeleza. Alafu akaangalia vioo vya milango yangu ya nyuma. Nikashangaa, kumbe kuna IST zilizokuja na vioo vyeusi vya kiwandani, rangi iko ndani ya kioo chenyewe sio tinti ya kubandika, na nyingine zina kioo cheupe chenye ukijani kwa mbali. Ukiweka cheupe kwenye gari yenye vyeusi itaonekana mbavu moja imekopwa. Yangu ni vyeusi, akatoa viwili vya mtumba wa Japani nichague.

Hapa kwenye kuchagua tulikaa. Kwenye kona ya kioo kuna maandishi madogo, cha kwangu kimeandikwa Asahi na chini yake TEMPERLITE, hiyo ndo alama ya kampuni ya Kijapani kwa vioo vya aina hii, na mzee anasema yeye kati ya mtumba wa Japani na kipya cha bei chee anachukua mtumba kwa sababu mkunjo wake unajulikana. Hayo ni yake, mi sina ubishi. Ila alichonifundisha cha maana ni ile mistari ya kahawia inayopita kwenye kioo, ile ya kuondoa ukungu. Wabongo wengi tunaiona kama urembo mpaka siku ya mvua kubwa, gari imejaa watu, nyuma huoni hata taa. Ile mistari imechapwa upande wa ndani, ikikatika sehemu moja mstari ule wote umekufa. Kioo kimojawapo kilikuwa na tinti ya zamani imetoka mapovu, nikataka aibandue nione, akakataa katakata, ukiibandua vibaya inaondoka na mistari. Akachukua betri na taa ndogo ya kupimia akapitia mstari mmoja mmoja. Kile cha tinti kilikuwa na miwili imekufa na bei ndo ilikuwa nafuu. Nikachukua kingine, 140,000 baada ya kulia lia, alianzia 170,000. Ufundi na gundi 50,000. Jumla 190,000, yani zaidi ya mara mbili ya yule wa siki, na bado nasema ndo bei halali.

Kazi yenyewe ilianza na usafi, na ilichukua muda kuliko kubandika. Dogo anayemsaidia akavua plastiki za ndani za mlango, akautikisa, ukalia chwa chwa chwa kama kayamba. Vipande vilikuwa vimezama ndani kabisa ya mlango kwenye loki na mota ya waipa. Wakapuliza na kompresa kupitia matundu, wakanyonya na vakyumu, wakatikisa tena, wakapuliza tena, mpaka ukanyamaza. Fundi mwingine anakuachia hivo hivo, utazunguka na kayamba lako na siku moja loki inagoma.

Gundi ya zamani kwenye fremu hakuifuta yote, na hapa ndo nilijua niko mahali pazuri. Aliikata kwa kisu akabakisha ukanda mwembamba, kama milimita moja au mbili, ile gundi mpya inashika vizuri kwenye gundi ya zamani iliyokatwa safi kuliko kwenye bati, na ukikwangua mpaka bati ndo umeikaribisha kutu. Pale kisu kilipochuna kidogo akapaka praima nyeusi, ile rangi inayotangulia gundi. Ukingo wa kioo akaufuta kwa spiriti, akapaka praima pia, akaniambia usiguse mwanangu, mafuta ya kidole yanatosha kuharibu. Gundi ni urethani ya magari, akanipa tyubu nisome tarehe mwenyewe kabla hajaifungua, muda wake ulikuwa bado. Mdomo wa tyubu akaukata pembe ya V, kwaiyo gundi ikawa inatoka imesimama kama pembetatu, mkanda mmoja kuzunguka fremu yote bila kukatika, mzee hapumui. Akamaliza, wakashika kioo watu wawili, wakakishusha mara moja, wakakikandamiza taratibu kwa viganja, tepu za karatasi juu, basi.

Gari ukae nayo hapo, alisema, usiniletee habari za haraka. Hii gundi inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na Dar kwa unyevu hatujambo, lakini bado nilikaa hapo mpaka alasiri. Alinipa masharti: acha kioo cha dirisha moja wazi kidogo usiku ule ili ukifunga mlango hewa isikisukume kioo, buti usilibamize, tepu usizitoe mpaka kesho, na kwenye karwoshi za presha usipeleke kwanza.

Nilivyorudi kwake gundi ikiwa imekauka, ndo akafanya jaribio la maji. Dogo akaingia kwenye buti na tochi, tukamfungia, mzee akawa anamwaga maji na jagi kuzunguka ukingo wa juu polepole, anauliza "vipi hapo?", dogo anajibu kutoka ndani "kukavu mzee". Wakazunguka kona zote nne. Alafu wakawasha swichi ya kuondoa ukungu, baada ya muda nikaweka kiganja kwenye mistari, ina joto. Hizi ni mvua za vuli, gari imeshapigwa mvua za maana, na kwenye shimo la tairi la spea chini ya kapeti, ambako maji yakivuja ndo hujificha, nimeangalia mara kibao ni vumbi tupu.

Mabaya yapo. Muda ndo kilio cha kwanza, aliniambia njoo saa 3 na kazi ikaanza saa 5 kwa sababu kuna gari aliipokea kabla yangu na hawezi kuacha gundi njiani. Sawa lakini si ungeniambia? Pa kukaa hamna, kuna tairi mbili na ubao, choo uliza kwa mama ntilie. Watu wa madalali hapo nje ni kero, unashuka tu kwenye gari watatu wameshakushika mkono wanakuvuta kwa mafundi wao, na ukipitia kwao bei inaongezeka cha juu. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hana, anakuandikia kwenye kidaftari tu, kwaiyo kama ni gari ya ofisi au unataka kudai bima imekula kwako. Garantii nayo ni ya mdomo, "ikivuja rudi", mi nimeiamini kwa sababu ya ile jagi.

Kipande cha plastiki cha ndani kimerudi na klipu moja pungufu, inagonga kidogo kwenye barabara ya rafu. Nilimpigia, akasema pita nikuwekee bure, sijapita bado.

Nampa nyota nne. Nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi ni vurugu na Jumapili hafungui. Piga picha ya chesisi namba na ya kioo cha pembeni umtumie kwanza ili usiende ukakuta hana cha rangi yako. Lipa namba anayo, ila makato anakuachia wewe.