TAHADHARI: Muuzaji wa "reale orijino za 1780" na rupia za Mjerumani zenye kadi ya daraja

Wadau wa sarafu za kale, kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya mtandaoni akiuza reale za Maria Theresa (sarafu kubwa za fedha zenye sura ya malkia huyo wa Austria), rupia za Mjerumani na shilingi za mkoloni. Kila sarafu kaiweka kwenye kasha la plastiki lenye kadi ya daraja, yaani inayotaja ubora wa hali ya sarafu, na bei anayotaja ni mara nyingi ya thamani halisi. Laini za simu na kurasa hubadilisha kila zinaporipotiwa, kwa hiyo kuhifadhi namba yake hakutakusaidia. Zijue mbinu zake, maana hizo hazibadilishi.

Tuanze na reale, ndiyo inayowaliza wengi. Tangazo husema "orijino ya 1780, ina zaidi ya miaka 240". Mwaka huo kweli umeandikwa, lakini hausemi sarafu ilipigwa lini. Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine, hivyo kiwanda cha Vienna kikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule, na mpaka leo kinaipiga. Kuanzia miaka ya 1930 ilipigwa pia Rome, London, Paris na Brussels, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikapigwa Bombay. Jumla ni mamia ya mamilioni. Reale ya kawaida, hata ikiwa halali kabisa, thamani yake ni yale madini ya fedha yaliyomo na nyongeza ndogo ya muuzaji.

Atakukuzia picha ya herufi S.F. chini ya kifua cha malkia akuambie ndiyo alama ya orijino. Hizo ni herufi za majina ya Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg, na zimenakiliwa kwenye matoleo yote yaliyofuata. Reale iliyotoka kiwandani juzi inazo. Alama ya X baada ya 1780 nayo ni hivyohivyo. Matoleo hutofautishwa kwa vitu vidogo mno: manyoya ya mkia wa tai, lulu za pambo la begani, nukta za S.F. Anayetaka bei ya toleo la awali ndiye mwenye wajibu wa kukuonyesha hayo kwa picha kali za pande zote mbili na ukingo. Akishindwa, sarafu hiyo ni ya bei ya fedha tu.

Bei ya fedha hukokotolewa hivi. Reale ina uzito wa gramu 28.07, kipenyo cha takriban milimita 40, na fedha sehemu 833 kwa 1000. Zidisha upate gramu 23.39 za fedha tupu. Gawanya kwa 31.1, ambayo ni wakia moja ya masonara, upate wakia 0.752. Zidisha kwa bei ya wakia ya siku hiyo. Mazungumzo yaanzie hapo.

Mzigo wake wa reale una aina mbili. Aina ya kwanza ni fedha halisi ya miaka ya karibuni inayouzwa kama ya karne ya 18. Aina ya pili ni ya kusubu, yaani ya madini yaliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa, na hiyo hata fedha si. Ya kusubu hujisema yenyewe ukiigeuza ubavu. Kwenye reale ya kweli, ukingo una maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, kila herufi ina pembe, ukipitisha ukucha unakwama. Kwenye ya kusubu herufi zimelala kama sabuni iliyotumika, na ukitazama kwa lenzi ya sonara utaona mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au mikwaruzo ya tupa iliyotumika kuuondoa. Upande wa uso, palipopaswa kuwa laini pana vishimo vidogo vya hewa. Madini yaliyoyeyushwa yakipoa husinyaa, kwa hiyo kipenyo hupungua na sarafu huongezwa unene ili uzito ufikie. Ndiyo maana uzito peke yake hautoshi, pima na kipenyo kwa kaliperi.

Rupia za Mjerumani ndizo zenye pesa kubwa, na ndizo zinazoghushiwa zaidi. Kampuni ya Kijerumani ilipiga rupia za fedha kati ya 1890 na 1902, kisha serikali ya koloni ikapiga zake kuanzia 1904 hadi 1914, zenye herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Rupia moja ni gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1000. Ile kubwa ya rupia mbili ni gramu 23.32, milimita 35, na ilipigwa 1893 na 1894 tu. Ukiletewa ya mwaka mwingine wowote, funga mazungumzo.

Kwa hizi, fanya kipimo cha maji. Unahitaji mizani inayosoma gramu 0.01, ile ndogo ya masonara. Pima sarafu kavu. Kisha weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote, isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo upate msongamano, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Rupia moja halali inatoa ujazo wa kama 1.13, yaani msongamano wa 10.3. Reale inatoa ujazo wa kama 2.75, yaani msongamano wa 10.2. Ikiwa ni mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye uzito uleule, rupia itasoma karibu 1.31 na reale karibu 3.15. Pengo hilo halifichiki. Wengi wanapokosea ni kwenye mapovu: yakiganda kwenye sarafu yanaongeza ujazo, na sarafu nzuri inaonekana feki. Tia tone moja la sabuni ya maji kabla ya kurudisha sifuri, na itikise sarafu kidogo ikiwa ndani.

Ile video yake ya sumaku isikuhadae. Kweli fedha haishikwi na sumaku, lakini shaba na shaba nyeupe nazo hazishikwi. Sumaku inakamata feki ya chuma tu, na chuma hatumii.

Kadi zake za daraja ndizo zinazotukera kuliko yote, kwa sababu zinawaharibia wanaoanza. Daraja za sarafu huenda 1 hadi 70. VF (nzuri sana) inaanzia 20, XF (nzuri mno) 40, AU (karibu haijatumika) 50, na MS, yaani ambayo haijawahi kutumika, inaanzia 60. Huyu anaandika MS-65 kwenye rupia ambayo tai aliye juu ya kofia ya Kaisari amebaki kivimbe kisicho na manyoya. Tai huyo ndiye wa kwanza kulika kwa sababu amejitokeza, akifuatiwa na masharubu. Tai akifutika, hapo hakuna MS.

Nyingi pia zimesuguliwa. Shika sarafu kwa ukingo chini ya taa moja, izungushe taratibu. Mng'ao wa kiwandani huzunguka nayo kama spoku za baiskeli. Iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja, na kwa lenzi utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, huku weusi ukibaki kwenye kona za herufi. Sarafu hiyo haipewi daraja kamili na wapimaji wa kweli, hata alama zake ziwe nzuri vipi. Nawe ukiipata yenye weusi wake, iache hivyo: limau, majivu na dawa ya meno hushusha bei papo hapo. Kagua pia ukingo wa juu kabisa wa sarafu, kwa sababu pwani nyingi zilitiwa kwenye vidani. Alama ya kulehemu, au tundu lililozibwa, hupunguza bei sana.

Makasha yenye majina ya PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazopima sarafu na kuzipa daraja, nayo yanaghushiwa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti yao, usibonyeze kiungo anachokutumia, kisha ingiza namba ya kasha. Namba kukubali hakutoshi, maana mtapeli hunakili namba ya sarafu halisi. Pakiwa na picha, linganisha doa kwa doa na mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Shilingi za Afrika Mashariki anaziuza kwa kilo kama "fedha tupu". Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, kwa hiyo kilo moja ni gramu 250 za fedha. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, na kwenye mfuko wake zimechanganywa.

Kabla ya kutuma hata shilingi, mwombe picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani inayosomeka, pembeni karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Atasema kuna mteja mwingine njiani, utume kianzio cha nusu. Usitume. Mkutane kwa sonara, mpime, ndipo ulipe.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wala risiti za muamala. Piga kwa mtandao wako wa simu mara moja kabla pesa haijatolewa kwa wakala, fungua jalada polisi, na kwa Tanzania ripoti namba ya simu ya tapeli kwa 15040. Siku chache baadaye atakupigia mtu mwingine, akijifanya mnunuzi wa nje anayeitaka sarafu hiyohiyo kwa mamilioni, ila utangulize "ada ya usajili". Huyo ni mwenzake.