Pawasoo ya mtumba Kirinyaga Road: nilinunua Husqvarna 61 nikiwa sijui hata plagi inakaa wapi

Wacha nianze na maksi ndio wenye haraka wasome waende. Duka natoa tatu kwa tano, fundi wa Kariobangi tano kwa tano, mashine yenyewe nne, na mimi mwenyewe najipea mbili juu kuna mahali nilifanya ujinga na nitawaeleza bila kuficha.

Mi ni mgeni kabisa kwa hizi mashine za kukata miti. Kazi yangu ni ya ofisi, kitu nilikuwa nimewahi kufungua na bisibisi ni redio na blenda ya mama watoto, na blenda haikurudi. Lakini mzee wetu ako na shamba Limuru, mikaratusi na migrevilea imezunguka boma, na kila mvua kubwa ikipita lazima upate mti umelala kwa ua ama kwa njia ya ng'ombe. Kuita mwenye pawasoo ni elfu tatu kwa siku, mafuta juu yako, chakula juu yako, na ukimwita Jumatatu anakuja Alhamisi. Nikasema si ninunue yangu basi.

Ningeweza kuchukua ile mpya ya kichina ya 58cc, bei zake na hii yangu hazikuwa mbali. Jirani ako nayo na kwa matawi na kuni inafanya, siwezi idharau. Lakini mi nilitaka ya zamani, ile ya chuma, juu nimekua nikisikia mlio wa hizo mashine ng'ambo ya bonde asubuhi na nikizisikia hadi leo nanusa utomvu. Sababu ya kijinga lakini ni yangu.

Sasa duka. Ni kibanda cha mabati hapo Nairobi ukishuka Kirinyaga Road kuelekea kule kwa spea za magari, mbele wamepanga jenereta na pampu za maji, pawasoo ziko ndani gizani zimerundikwa kama kuku wa soko. Jamaa wa duka ni mchangamfu, "karibu kastoma wangu, leo umekuja siku mzuri", hata hujasema unataka nini. Cha kwanza aliniwekea mkononi ni Stihl 070. Kama umekulia karibu na wapasua mbao unaijua hiyo, injini ya 106cc, imetoka tangu 1968, zaidi ya kilo kumi bila baa (lile bamba refu cheni inazungukia, si baa ya bia). Nikaibeba nikajiona mwanaume kwa kama sekunde ishirini alafu mgongo ukaniuliza maswali. Tena 070 kopi zake ni nyingi sana na kwa mtu mpya kutofautisha ya ukweli na kopi iliyopigwa rangi ni bahati nasibu, na hiyo ilikuwa na namba ya mashine imekwanguliwa. Kama wewe ni bigina achana na 070, hiyo ni ya kupasua mbao siku nzima na watu wawili, si ya kukata mti mmoja kwa ua.

Chini ya rundo ndio nikaona Husqvarna 61, rangi ya machungwa imefifia, hakuna sprei mpya, na hiyo peke yake ilinifurahisha. Jamaa akaanza "hii ni ya Sweden boss, hawa watu walikuwa wanatengeneza bunduki", nikadhani ni porojo za biashara kumbe ni kweli, kiwanda chao kilianza na mitutu ya bunduki 1689 na pawasoo zikakuja 1959. Uzuri wa 61 ni kwamba ni ndugu na 268 na 272, sehemu nyingi zinaingiliana, spea zake ziko kila mahali hapo mjini mpya kwa mitumba, na ukichizi siku moja unaweza hata kuiwekea silinda na pistoni ya 272 ikawa na nguvu zaidi. 61cc na kitu, kilo sita hivi. Hiyo mtu wa ofisi anaweza beba.

Aliniambia ilikaa stoo tangu serikali ipige marufuku ukataji miti kwa misitu ya umma, ile ya Februari 2018, na mwenyewe ameiuza juzi. Marufuku ilikaa hadi 2023, kwa hivyo hadithi inaweza kuwa ya kweli ama ni ya kuuzia, lakini kitu moja ilinisaidia kujua: kama imekaa miaka na petroli ndani, kabureta imekauka na dayaframu zake, vile vingozi vyembamba vya kusukuma petroli, zimekuwa ngumu kama kadi. Hiyo nikaihesabu kwa bei hapo hapo.

Hapa ndio nataka msome polepole. Kabla ya chochote gusa silensa, ile ya kutoa moshi. Ukipata iko moto kabla hujaanza kuvuta kamba, wameipasha wakikuona unakuja, na mashine ikiwa moto itawaka hata kama ni mgonjwa. Yangu ilikuwa baridi, poa. Pili inua mashine yote kwa kamba ya stata, uiache ining'inie. Ikiteremka taratibu ikikwama kwama kompresheni (nguvu ya kubana hewa kwa silinda) iko, ikianguka puu kama ndoo kisimani rudisha mahali umetoa. Yangu ilikuwa katikati. Jamaa akataka "kuisaidia" na tone la oili kwa tundu la plagi, mi nikamwambia acha, juu nilikuwa nimeshasoma kwamba oili inaziba pengo la ringi za pistoni kwa dakika chache na kompresheni inapanda ya uongo. Alicheka akasema "umetumwa na nani wewe."

Tatu, na hii ndio kubwa kuliko zote, fungua silensa. Ni bolti chache tu. Ukiitoa unaona pistoni moja kwa moja kupitia tundu la moshi, washa tochi ya simu, vuta kamba pole pole. Pistoni ikiwa laini na mistari ya kiwandani bado inaonekana, hata ikiwa na masizi, nunua. Ikiwa imechubuka mikwaruzo ya juu chini kama imepigwa na msasa, injini iliwahi kushika, yaani kukwama kwa joto, weka chini hata kama inaanza na mvuto mmoja. Muuzaji akikataa ufungue silensa hapo umeshapewa jibu. Huyu wangu alinung'unika, akasema kastoma ni wengi, lakini akanipea spana, na ndio maana hizo maksi tatu hazikuwa moja. Pistoni ilikuwa safi. Alianza elfu 22, tukaongea, akaniita ndugu yake, tukaongea tena, nikatuma M-Pesa 13,500.

Mbona basi si tano? Juu breki ya cheni haikuwa. Ile kava yenye mpini wa mbele ilikuwa imebadilishwa na kava tupu, na hakusema, na mimi nikiwa nimefurahia pistoni sikuangalia. Ujinga wangu wa kwanza. Breki si urembo jameni, pua ya baa ikigusa kitu upande wa juu mashine inakurukia usoni kabla hujafikiria kuogopa, na hiyo breki ndio inasimamisha cheni. Niliporudi wiki ilifuata akaniuzia kava ya mtumba yenye breki elfu mbili, yaani niliuziwa mashine yangu kwa mafungu.

Nyumbani ni fleti huko Kasarani. Nikabadilisha plagi, nikaosha filta, nikachanganya mafuta. Kuhusu mafuta: ukiwa na oili nzuri ya tustroki ya kampuni yenyewe wanasema petroli 50 kwa oili 1, oili ingine 25 kwa 1, hiyo ya 25 kumaanisha lita moja ya petroli na mililita 40 za oili. Mi nilinunua sindano ya chemisti bila kisindano nikapima nayo, usipime na kifuniko ama kwa macho. Nikavuta kwa balkoni. Mara ya tisa ikawaka na nyumba nzima ikajaa moshi, keyateka akapanda ngazi mbio akidhani ni moto, na hiyo Jumapili nilikatazwa kuwasha kitu chochote kwa ploti. Lakini kabla azime furaha yangu nilisikia kitu: mlio ulikuwa unapanda wenyewe, unapanda unapanda kama unalia, alafu inazima. Nikaanza kuzungusha skrubu za kabureta mbele nyuma. Ujinga wa pili. Hizo skrubu mbili zikikushinda zirudishe ndani polepole hadi ziguse, alafu kila moja nje mzunguko mmoja, hapo ndio pa kuanzia, na kama bado inalia shida haiko hapo.

Ndio nikaenda Kariobangi Light Industries. Kama hujawahi kufika huko, ni mahali mtu anaweza kukutengenezea kitu chochote cha chuma ukingoja na soda. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayefanya mashine ndogo tu. Hakuwasha hata. Aliuliza "inapanda mlio yenyewe?" nikasema ndio mzee. "Inavuta hewa. Ukiendelea kuwasha utaua pistoni." Maana hewa ikiingia mahali haifai petroli inakuwa kidogo, oili inakuja na petroli, kwa hivyo injini inakosa vyote inachemka inashika. Kumbe nilikuwa nachoma elfu 13 yangu kwa balkoni.

Venye alitafuta hiyo hewa ndio ilinimaliza. Alikata kipande cha tubu ya baiskeli akafunga nacho silensa, kingine kwa mdomo wa kabureta, akaweka hewa kidogo kupitia tundu la plagi na pampu ya mkono, kidogo tu, alafu akapaka povu la sabuni kila mahali kama anaosha mtoto. Mapovu yakatokea mahali mbili: kwa kile kimpira kati ya kabureta na silinda, kilikuwa na ufa huwezi ona mpaka ukikunje, na nyuma ya klachi kwa oilisili, ile ringi ya mpira inayoziba shafti ya injini. Hapo klachi nikajitolea kufungua mwenyewe, nikaweka nguvu zote, haitoki, nikaongeza bomba kwa spana. Mzee akanishika mkono. Klachi ya pawasoo inafunguka upande wa kinyume, kuelekea venye saa inaenda, na ili injini isizunguke unasukuma kipande cha kamba ya stata kwa tundu la plagi ijae juu ya pistoni, si kukwamiza na bisibisi kama mimi nilitaka. Aliniambia ameshaona silinda ngapi zimetobolewa na vijana wa ofisi. Sikubisha.

Tulimaliza alasiri moja. Kimpira 500, oilisili mbili 400, dayaframu za kabureta 650, ringi 600, plagi nilikuwa nimenunua 250, cheni mpya 1,700, yeye mwenyewe 1,500 na akakataa kuongeza. Alipima kompresheni kabla na baada, kutoka PSI 105 hadi 145. Ukiweka na ile breki yote imekula 21,100, kofia yenye wavu na ya masikio 2,500 kando. Kwa hivyo usiambiwe mtumba ni rahisi. Bei ya duka ni mlango tu, weka nusu ingine ya hiyo pesa mfukoni kabla hujaingia.

Limuru sasa. Wazee wamekusanyika, mama ametoa viti, nikavuta mara tatu ikawaka. Nikaweka kwa gogo la mkaratusi. Moshi. Kelele. Hakuna kitu inakata, inasugua tu na mti unageuka mweusi. Dakika tano mzima hadi mtoto wa shangazi, wa darasa la sita, akaniuliza kwani meno huwa yanaangalia nyuma. Nilikuwa nimefunga cheni kinyume. Ujinga wa tatu na huu utasimuliwa kwa mazishi yangu.

Tukageuza, na weeh. Gogo la futi moja na nusu linaingia kama mkate wa siagi, mapande makubwa yanaruka, si unga, na mapande ndio yanakuonyesha cheni iko kali. Ikianza kutoa unga tulia upige tupa, ya duara ya milimita 5.5 kwa cheni ya hii 61, kila jino mara tatu nne kuelekea nje na idadi sawa pande zote, la sivyo inakata ikipinda kama mlevi. Kwa tupa bado niko vibaya, nakubali, na ndio sababu mashine ni nne na si tano ingawa hiyo si makosa yake. Ingine ni mtetemo, ukifanya nayo masaa mawili vidole vinaimba hadi jioni, hizi za zamani mpira wa kuzuia mtetemo huchoka na bado sijaubadilisha.

Wiki jana nilipita pale dukani kutafuta hiyo mipira, jamaa akaniuliza ile 61 bado iko, nikamwonyesha video, akanipea ofa ya elfu 18 hapo hapo bila aibu. Nikamwambia abaki na kava yake tupu kwanza. Mkienda nendeni asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi hawatawapa nafasi ya kufungua silensa, na bebeni spana yenu ya plagi na tochi, ndani hakuna taa.