Nimempeleka mama sinema kuona filamu tano bila VJ, haya ndiyo tuliyoyaona

Mama yangu Kiingereza chake ni cha salamu na cha bei sokoni, basi. Lugha yake ni Kiswahili cha kambini, maana tumelelewa kota za polisi pale Nsambya, Kampala, ambapo jirani wa kulia ni Mlugbara, wa kushoto Mteso, wa nyuma Mganda, na mkikutana bombani na madumu yenu mnaongea Kiswahili. Filamu zote alizowahi kuona aliziona kwenye kibanda cha video au nyumbani kwa zile CD zilizotafsiriwa, VJ ndiye anamsimulia. Kwa msiojua mambo ya kwetu Uganda, VJ anakaa na maiki, anashusha sauti ya filamu halafu anaieleza kwa Luganda mwanzo mpaka mwisho, nani ni nani, nani anadanganya, nani hatafika asubuhi, na akina VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana mtaani kuliko hao mastaa wenyewe. Wakenya wana DJ Afro anafanya kwa Kiswahili, mama akimsikia kwenye simu ya mdogo wangu anacheka mpaka anashika ubavu.

Sasa Desemba 2024 nikasema hapana, mama naye aingie sinema ya kweli, ile yenye skrini kubwa na viti laini, hata kama pesa ya tiketi moja kibandani unaingia nayo wiki nzima. Na kutoka hapo mpaka Julai 2025 tumeona filamu tano tofauti, zote Kiingereza, hakuna maandishi chini, hakuna VJ, VJ ni mimi na kunong'ona kwangu. Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja tu: je mama alifuata bila mimi kufungua mdomo? Filamu ikimfikia mama kwa picha na sauti peke yake, hiyo nalipa tena bila kufikiria.

Ya kwanza ilikuwa Mufasa, ile ya simba aliyoongoza Barry Jenkins, na niliichagua kwa sababu nilijua kuna Kiswahili ndani. Mama hakuamini masikio yake. Rafiki anaitwa Rafiki, sawa hiyo anaijua tangu ile katuni ya 1994, lakini waliposema huyu mwana wa mfalme anaitwa Taka mama akanigeukia kabisa, "Taka? Mtoto wa mfalme wamemwita Taka? Mama yake alikuwa wapi?" Nikamwambia mama tulia. Halafu Mufasa mdogo na wazazi wake wanaimba juu ya nchi nzuri wanayoitamani, nchi inaitwa Milele, wanaitamka kizungu kizungu hivi, na mama akanyamaza, baadaye akasema polepole, "Milele si mahali, milele ni muda. Lakini nimewaelewa." Hapo mimi nilikuwa nimeshapata thamani ya pesa yangu.

Filamu yenyewe ni nzuri kwa macho, yale maji ya mafuriko yanayomchukua Mufasa mbali na wazazi wake nilisikia mama ameshika pumzi. Ila kile kipande cha Timon na Pumbaa, wale wanyama wachekeshaji, kukatiza hadithi kila mara kilituchosha, kila tukianza kuzama tunatolewa nje kwa ajili ya utani wa maneno, na utani wa maneno ndiyo kitu cha kwanza kinachomwacha nje mtu asiye na Kiingereza. Na jambo moja ambalo Waswahili peke yetu tunalo: sisi tulijua Taka ataharibika tangu alipotajwa jina. Wengine mle ndani walisubiri mpaka mwisho.

Mission: Impossible ya Mei sitaiongelea sana. Karibu masaa matatu, na saa nzima ya kwanza ni watu wamesimama kwenye vyumba vya giza wanaelezana juu ya akili mnemba inayotaka kuteka mabomu ya nyuklia ya dunia, mimi mwenyewe nilipotea, sembuse mama, nikanong'ona mpaka koo likakauka na jamaa wa mbele akageuka mara mbili kunitazama vibaya. Hiyo ni filamu ya kumsubiri VJ, nasema kwa heshima zote. Lakini. Tom Cruise anapoingia kwenye ile nyambizi iliyozama, inabingirika polepole na mabomu yanadondoka ndani kama magogo, hakuna anayeongea dakika nyingi sana, sauti ya chuma inalia tu, na hapo mama aliacha kuniuliza. Alielewa kila kitu, kwamba ni baridi, hewa inaisha, na asipotoka sasa hatoki. Halafu zile ndege ndogo za mwishoni, zilizopigwa picha Afrika Kusini, yule mzee ana zaidi ya miaka 60 na ananing'inia kweli kwenye bawa, mama alifunika uso na leso akawa ananiuliza, "Ameanguka? Niambie kama ameanguka."

F1 ya Brad Pitt mwezi wa sita ilikuja na kitu sikutegemea. Tulienda na mdogo wangu, yeye anauza spea soko la Kisekka, magari ndiyo chakula chake, na safari hii yeye ndiye aligeuka VJ. Mimi nilidhani mama atalala maana magari yanazunguka tu, lakini mdogo wangu akamwekea mambo sawa kwenye sikio: mama, kuna tairi laini na tairi ngumu, laini inakimbia lakini inakwisha haraka, na mbio zikiwa kavu lazima utumie aina mbili tofauti, kwa hiyo lazima usimame, na ukisimama wale vijana wanabadilisha zote nne kwa sekunde mbili tatu hivi, wewe unapepesa macho gari limeondoka. Mama akauliza, "Kwa hiyo anayeshinda si mwenye mbio, ni mwenye kujua lini asimame?" Ndiyo mama, ndiyo hiyo filamu yote. Kuna dada alikaa nyuma yetu, alisogea akainamisha kichwa ili naye asikie, tukitoka akamshukuru mdogo wangu kama vile amemlipia tiketi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba waliipiga picha kwenye mashindano ya kweli, wikendi za kweli zenye mashabiki wa kweli, Pitt na Damson Idris waliendesha wenyewe magari ya Formula 2 yaliyorekebishwa, na Lewis Hamilton, dereva wa kweli wa Formula 1, ni mmoja wa waliosimamia kuitengeneza. Unaisikia kwenye viti, kiti kinatetemeka chini yako. Hadithi yenyewe ya mzee anayerudi na kijana mwenye kiburi tumeiona mara nyingi, siwezi kudanganya, lakini nilitoka nimeridhika. Hii usiisubiri kwenye simu jamani, kwenye simu ni magari madogo yanazunguka tu.

Superman ya James Gunn niliingia na mpwa wangu wa miaka minane pia, na kwake ilianza na kuisha na mbwa. Superman anaanguka kwenye barafu, damu mdomoni, anapiga mluzi, mbwa anakuja mbio anamrukia badala ya kumsaidia, na sinema nzima ikacheka pamoja, mama, mtoto, wote, bila neno moja la Kiingereza. Hayo ndiyo ninayoyasema. Mimi nilikuwa namngoja Mister Terrific, shujaa mwingine mle ndani, kwa sababu anayecheza ni Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, na kile kipande chake cha kupigana na kundi zima la askari akizungushiwa ile mipira midogo inayoruka, anatembea tu taratibu, nilijikuta napiga makofi. Mama aliposikia jina lake akasema huyo ni mtoto wa jirani, akamhesabu kwetu moja kwa moja. Katikati kuna mambo mengi mno, dunia nyingine, shimo jeusi, mto wa vitu sijui nini, mtoto aliuliza, "Anko sasa hapa wako wapi?" na anko hakuwa na jibu.

Sinners nimeiacha mwisho makusudi ingawa ilitoka Aprili. Hiyo ndiyo filamu. Ryan Coogler ameandika na kuongoza mwenyewe, Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wanarudi Mississippi mwaka 1932 kutoka Chicago na pesa mfukoni, wananunua jengo la zamani la kupasulia mbao, wanataka watu wao weusi wapate mahali pa kucheza muziki hata usiku mmoja tu. Wana binamu, mtoto wa mchungaji, ana gitaa, baba yake hataki hilo gitaa. Karibu nusu ya filamu hakuna kinachotisha, unakaa na watu, unajua nani anampenda nani na nani alizika mtoto, na mama alifuata yote kwa nyuso zao. Kwa yule Annie, mke wa Smoke anayejua dawa, anachezwa na Wunmi Mosaku, mama alisema tu, "Huyu amefiwa."

Halafu usiku kijana anaimba. Sijui nieleze vipi. Anaimba na kamera inazunguka na taratibu unaona kati ya wachezaji kuna wengine ambao si wa mwaka ule, kuna mwenye gitaa la umeme, kuna DJ na mashine zake, kuna wacheza ngoma wa Kiafrika, mababu na wajukuu wote kwenye sakafu moja, na hakuna anayeeleza. Mama alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akabana, hakuachia mpaka wimbo ukaisha. Mwanamke mmoja, Autumn Durald Arkapaw, ndiye aliyepiga picha hizo, mwanamke wa kwanza kupiga filamu kwa zile kamera kubwa za filamu za IMAX, sisi tuliiona kwenye skrini ya kawaida na bado ilitujaa.

Na wale wanyonya damu, mama hakuhitaji maelezo hata kidogo, alisema "mumiani" na mambo yakaisha. Huku kwetu zamani watu waliogopa wazimamoto eti wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu, bibi alikuwa anatusimulia hayo. Sasa kwenye Sinners hawawezi kuingia mpaka ukaribishwe, wanasimama mlangoni na tabasamu zao na vyombo vya muziki wanaomba, yaani wanapiga hodi na wewe usiseme karibu! Kwa Mswahili hiyo ni mateso. Sisi tumefundishwa mgeni hakatazwi mlango. Mama alikuwa ananong'ona, "Msiseme karibu, msiseme karibu," na safari hiyo hakuna aliyegeuka kumtazama vibaya.

Kilichonikera ni sinema tuliyoingilia. Majina yalipoanza tu kupita wakawasha taa zote, watu wakasimama, vijana wa usafi wakaingia na mafagio, nasi tukatoka kama kuku waliofukuzwa. Kumbe filamu haijaisha! Inaendelea mpaka 1992, yule kijana amezeeka na anachezwa na Buddy Guy mwenyewe, mpiga gitaa wa kweli wa blues, na bila kipande hicho hujaiona Sinners. Nilijua nyumbani kwa kuambiwa na mdogo wangu. Nilichukia kweli, unalipa pesa yote hiyo halafu unafukuzwa kabla ya mwisho, watu wa sinema tafadhali acheni taa, mnawaibia wateja wenu bila kujua.

Jumamosi iliyofuata nikamrudisha mama, sehemu ileile. Taa zikawaka tena, watu wakaanza kusukumana, mama akaweka mkoba wake mapajani, akakaa. Tukamwona Buddy Guy na lile shati lake na ile sauti yake yote. Majina yakaendelea, nikadhani imetosha, mama akasema bado, na kweli mwisho kabisa yule kijana anarudi, yuko peke yake kanisani na gitaa, anapiga wimbo ambao mama anawafundisha watoto wa Sunday school kambini. Akaanza kuuimba kwa Kiswahili, chinichini. Yule kijana wa usafi aliyekuwa amefika safu yetu akaegemea ufagio wake, akabaki anaangalia skrini mpaka ikawa nyeusi.