Nilikwenda Badalona kutazama kikapu, nikakumbushwa Angola

Nianze na kosa langu, usije ukalirudia. Tiketi za mchezo wa Joventut, klabu ya kikapu ya Badalona, Hispania, nilizinunua kwa wakala wa mtandaoni nisiyemjua mbele wala nyuma, kisa jina lake lilitokea juu kabisa nilipotafuta. Akanitoza ada ya huduma, akanitoza na ada ya kutuma, na tiketi zenyewe zikaingia kwenye simu saa mbili kabla ya mchezo, wakati mimi nishaanza kupanga maneno ya kumwambia mpwa wangu. Tulipofika ukumbini nikakuta watu wananunua dirishani taratibu, kama wanaonunua mkate. Nunua kwa klabu yenyewe, basi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kikapu nimekijua Makande, kwenye michezo ya KPA, timu ya bandari, pale ambapo hata ukikaa nyuma kabisa unasikia kocha anamwambia nini mchezaji. Dada yangu anaishi Barcelona na mwanawe ana miaka kumi na mitatu, anacheza, na habari zake zote ni kikapu. Nilipowatembelea kila mtu alinielekeza kwa Barça, timu ya Barcelona, isipokuwa huyo mpwa wangu.

"Mjomba, Barça utaiona kwenye televisheni. Twende Badalona."

Badalona imepakana na Barcelona upande wa kaskazini-mashariki, juu ya bahari ile ile. Kwa mgeni zinaonekana mji mmoja, metro inakutoa huku inakutia kule wala huoni mpaka. Lakini watu zaidi ya laki mbili wanakaa pale, na usithubutu kuwaambia kwamba wanakaa Barcelona. Mimi nilithubutu, kwa muuza duka mmoja. Alinirekebisha kwa adabu, kisha akanirekebisha tena nilipokuwa natoka.

Ukumbi uko karibu na kituo cha Gorg, metro laini ya 2, ile ya zambarau. Wengi hupanda hiyo jioni, wakatazama, wakarudi. Mimi nasema usifanye hivyo. Panda treni ya R1 mchana, ile inayofuata pwani. Reli hii ndiyo ya kwanza katika rasi yote ya Iberia, ilifunguliwa 1848 kutoka Barcelona hadi Mataró, na imepita kati ya mji na bahari. Ukishuka kituo cha Badalona, mchanga uko hatua chache tu, na mtu wa mjini akitaka kuogelea lazima apite chini ya reli kwanza. Kwa mtu wa pwani ni ajabu kidogo. Bahari unaisikia, lakini lazima uitafutie tundu la kupitia.

Kuna gati linaitwa Pont del Petroli, daraja la mafuta. Lilijengwa miaka ya sitini ili meli zishushe mafuta bila kukaribia ufuo, nalo linaingia baharini kama mita 250. Meli ziliacha kuja, watu wa mji wakakataa lisibomolewe, na leo ni mahali pa kutembea. Dhoruba ya Gloria ya Januari 2020 ilivunja kipande, kikatengenezwa. Ukisimama mwisho wake ukageuka, unauona mji mzima umelala kando ya maji: mabomba ya viwanda vya zamani, majengo ya ghorofa, milima nyuma. Upepo ulikuwa mkali, mpwa wangu akavaa kofia ya jaketi na kudai turudi. Mimi nilikaa. Nilikuwa sijaona bahari kwa wiki mbili, na kwa mtu wa kwetu wiki mbili ni nyingi.

Mwanzo wa gati hilo kuna sanamu ya tumbili wa shaba, na karibu yake kiwanda cha Anís del Mono, kinywaji kilichoanza kutengenezwa hapo mwaka 1870. Mimi si mnywaji, lakini tumbili wa kwenye lebo anastahili kutazamwa. Uso wake ni wa mzee mwenye ndevu, na watu wote watakwambia ni Darwin, yule wa nadharia kwamba binadamu na nyani wana asili moja. Pia kuna mabaki ya mji wa Kirumi, Baetulo, chini ya jumba la makumbusho, lakini mpwa wangu alikuwa ashaanza kuhesabu dakika, nikaachia hapo. Mgahawa mmoja wa ufukweni ulitukalisha kama dakika arobaini tukisubiri sahani ya samaki. Jina silitaji, samaki mwenyewe alikuwa mtamu.

Sasa klabu. Jina la rasmi ni Joventut, maana yake ujana, lakini mjini hakuna anayeliita hivyo. Wanasema la Penya. Penya kwa Kikatalani, lugha ya huko, ni kikundi cha watu wanaokutana kwa jambo wanalolipenda. Mimi nilipoelezwa nikasema basi ni maskani. Mpwa wangu akacheka, lakini hakupinga. Mwaka 1930 vijana wa mji waliunda maskani yao wakaiita Penya Spirit of Badalona, wakiigiza jina la Spirit of St. Louis, ndege ambayo rubani Lindbergh aliivusha Atlantiki mwaka 1927. Jina la ndege liliondoka, la maskani likabaki. Rangi ni kijani na nyeusi.

Na si kwamba wako peke yao. Kuna Círcol Catòlic, kuna Sant Josep, na kuna wakati Círcol walicheza ligi kuu kwa jina la Cotonificio, yaani kiwanda cha pamba. Hapo nilijiona nyumbani. Sisi tuna timu ya bandari, wao walikuwa na timu ya kiwanda.

Ukumbi wenyewe, Palau Olímpic, ulifunguliwa 1991 kwa ajili ya Olimpiki ya 1992, na usanifu wake ulipata tuzo ya Mies van der Rohe, tuzo ya usanifu ya Ulaya, mwaka huo huo wa michezo. Kwa nje umekaa kama meli iliyopandishwa chelezoni. Ndani ni mkubwa, na nisikufiche, kwa usiku wa kawaida wa ligi ni mkubwa kuliko haja. Viti vitupu utaviona, hasa kule juu. Kelele za Makande huwezi kuzisahau zikikosekana. Lakini viti vinateremka kwa mwinuko mkali, hivyo hata sisi tuliouziwa pembe ya juu na yule wakala tuliona kila kitu.

Kando yangu alikaa mzee mwenye skafu ya kijani iliyopauka mpaka ukiulizwa rangi utasita. Alimsikia mpwa wangu akinisemesha Kiswahili, akamuuliza kwa Kikatalani mimi natoka wapi. Akajibiwa: Afrika, Kenya. Mzee akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Angola!" akasema.

Nikadhani hajui jiografia, na kumbe anaijua vizuri kuliko nilivyofikiria. Mashindano ya kikapu ya Olimpiki ya 1992 yalichezwa humu, si Barcelona. Marekani walioleta nyota wao Jordan, Magic na Bird walifungua kwa kuwapiga Angola 116 kwa 48, na Charles Barkley wao akampiga kiwiko Herlander Coimbra wa Angola, kitu ambacho hata Wamarekani wenyewe walikionea haya. Hiyo inajulikana dunia nzima. Ambayo haijulikani sana kwetu ni ya siku chache baadaye: humu humu, mbele ya mashabiki wao, Hispania walifungwa na Angola hao hao, 83 kwa 63. Wahispania wana neno lake mpaka leo, angolazo. Mzee alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa aliopona lakini unauma baridi ikija. Kisha akanipa mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga vikapu. Nikaupokea. Angeniuliza, ningesema tuliwafunga.

Baada ya hapo hakunyamaza tena, na mpwa wangu akawa mkalimani bila malipo. Kisa alichotusimulia kila mtu wa mji anakijua, nami sasa nakijua kwa mpangilio wake. Aprili 1992, Istanbul, fainali ya klabu bingwa Ulaya. Tomàs Jofresa anaipa Penya uongozi wa 70 kwa 68, sekunde zinahesabika. Wapinzani, Partizan ya Belgrade, wanarusha mpira, Đorđević wao anakimbia nao mpaka upande wa pili, anatupa kutoka pointi tatu. 71 kwa 70. Imekwisha. Kocha wa Partizan ni kijana aliyetoka kustaafu kucheza, Željko Obradović.

Sasa wewe ungefanya nini na mtu aliyekuumiza hivyo? Badalona walimwajiri. Aprili 1994, Tel Aviv, fainali nyingine, safari hii na Olympiacos ya Ugiriki. Wamechoka wote, mchezo umekuwa wa kusukumana. Zimebaki chini ya sekunde ishirini Corny Thompson wa Penya anatupa pointi tatu, inaingia, 59 kwa 57. Paspalj wa Olympiacos anakwenda kwenye mtupo huru, anakosa. Penya mabingwa wa Ulaya. Mzee aliuonyesha ule mtupo kwa mkono, polepole, kiganja kikalegea mwishoni, na watu wawili wa safu ya mbele wakageuka wakatabasamu bila kuuliza ni upi.

Mchezo tuliokwenda kuutazama? Ulikuwa mzuri, bila makuu. Wageni walikuwa timu ya katikati ya msimamo, Penya wakaongoza robo tatu, wakalegea, wakashinda kwa tofauti ya vikapu vichache. Matangazo yote ni ya Kikatalani, kwa hiyo usipokuwa na mpwa utabaki unakisia. Wakati wa mapumziko nikasikia sauti nisiyoielewa, kama mvua juu ya mabati, kumbe ni karatasi za aluminiamu. Ukumbi mzima unafungua mikate ambayo watu wametoka nayo nyumbani! Mzee alikuwa na mkate mrefu uliosokomezwa mayai na viazi ndani, akaukata kwa mikono, nusu akatugawia sisi. Aliniangalia, akaongeza kwamba hakuna nguruwe. Sijui alijuaje, ila nilishukuru.

Robo ya nne ndipo nilipoelewa kwa nini mpwa wangu alinileta. Kocha aliingiza mtoto. Nasema mtoto kwa sababu jezi ilikuwa inamning'inia mabegani. Alicheza kama dakika mbili, hakufunga, alipoteza mpira mmoja, akakimbia nyuma akaupokonya tena. Ukumbi ulisimama. Kwa nyota wa kigeni aliyefunga usiku kucha hawakusimama hivyo.

Hiyo ndiyo biashara ya Penya, kulea. Ricky Rubio ni mtoto wa El Masnou, vituo vichache mbele kwenye reli ile ile ya pwani, na Penya walimwingiza ligi kuu mwaka 2005 akiwa na miaka 14. Mwaka 2008, yeye na Rudy Fernández chini ya kocha Aíto García Reneses wakachukua Kombe la Mfalme la Hispania na kombe la ULEB la Ulaya katika msimu mmoja. Kisha Rudy akaenda NBA, ligi ya Marekani, na mwaka uliofuata Ricky akauzwa, si mbali: Barcelona. Christian Eyenga, kijana wa Kinshasa, naye alilelewa hapa kabla ya Cleveland ya NBA kumchagua wa 30, wachezaji wapya walipogawanywa kwa timu mwaka 2009. Ukiwa na jirani tajiri wa upande wa pili wa mpaka usioonekana, watoto wako huwatazama wakikua huku unajua wataondoka. Lakini tangu ligi ya taifa ianze 1957 Penya hawajashuka daraja hata mara moja, na mwenzao katika hilo ni Real Madrid tu. Nilimwuliza mzee kama haimuumi kuwaona wakiondoka. Akasema jambo refu. Mpwa wangu akalitafsiri kwa maneno matatu: "Anasema wamezoea, mjomba." Nina hakika kuna mengi yaliyobaki njiani.

Ukitaka nitoe nyota, jioni ile naipa nne. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya ukubwa wa ukumbi, na labda kwa wivu. Ukipanga kwenda, angalia ratiba mpaka siku za mwisho, maana televisheni husogeza saa. Beba jaketi hata kama mchana kuna jua. Na beba mkate.

Tulitoka na umati mpaka Gorg. Mzee alikwisha potea, hata jina sikumuuliza. Mpwa wangu alikuwa ameifinyanga ile karatasi ya aluminiamu ikawa mpira mdogo, akasimama jukwaani mbali na pipa la taka, akatupa kwa kiganja kilicholegea mwishoni. Ikagonga ukingo, ikadondoka. Treni ilikuwa inaingia. Akaiokota, akarudi nyuma hatua mbili zaidi.

"Mjomba, zuia mlango."