From the Depths: uzoefu wangu wa kuhifadhi rasimu za meli

Mtu akiniuliza anunue mchezo gani wa kompyuta wa vita vya majini, namwambia From the Depths, na sababu yangu ya kwanza ni jinsi unavyohifadhi meli. Kila meli unayoiunda ni faili la kawaida lenye mkia wa .blueprint. Unaweza kulinakili, kulipa jina jipya, au ukiwa Arusha kumtumia mwenzako wa Moshi kwa WhatsApp kama dokumenti. Akiliweka kwenye folda yake, meli yote anayo.

Folda yenyewe iko hivi: Documents, kisha From The Depths, Player Profiles, jina lako la mchezaji, halafu Constructables. Ukitengeneza folda ndogo humo ndani, moja ya rasimu na nyingine ya meli zilizokamilika, utaziona pia ukiwa ndani ya mchezo. Fanya hivyo mapema, maana orodha ikishajaa kutafuta meli moja ni kazi.

Kwa Mtanzania, rasimu nzuri ya kujifunzia ni SMS Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar Septemba 1914, nayo ikaishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Urefu wake ulikuwa kama mita 115, upana mita 13, mizinga mikuu 10 ya milimita 105. Bloki ya mchezo huu ni mita 1 kila upande, kwa hiyo unaweka bloki 115 kutoka omo hadi tezi na 13 kwa upana. Kumi na tatu ni witiri, na hiyo ni faida: unabaki na mstari mmoja wa katikati wa kusimamishia milingoti na zile dohani tatu, na ukiwasha ujenzi wa pande mbili kwa pamoja, kulia na kushoto vinalingana. Ukianza na upana wa 12, hakuna bloki inayokaa katikati kabisa.

Hifadhi kwa hatua, kila hatua na jina lake: Konigsberg_01_bodi, 02_vyumba, 03_injini, 04_mizinga, 05_deraya. Usiandike juu ya faili la jana. Rasimu muhimu kuliko zote ni ile ya 02, baada ya kufunika sitaha na kuziba vyumba vya chini. Hewa iliyofungiwa humo inaisaidia meli kuelea, na tundu la bloki moja chini ya mzinga linatosha kuingiza maji. Pampu ya hewa haiwezi kukisaidia chumba ambacho hakijazibwa. Hakikisha haivuji, hifadhi, ndipo uendelee.

Tatizo la hatua ya 05, yaani deraya (bloki za kuikinga meli na risasi), ni uzito. Aloi inaelea, chuma kinastahimili zaidi lakini ni kizito. Ukikirundika juu ya sitaha, meli inayumba na kulala upande. Hapo usianze kung'oa bloki moja moja. Fungua 04 na uanze deraya upya, chuma kikae chini, aloi juu.

Mizinga ina njia yake ya mkato. Kipenyo cha mizinga ya hali ya juu unakichagua kuanzia milimita 18 hadi 500, basi weka 105. Jenga mzinga mmoja, ufyatue, hakikisha risasi zinaingia na mnara wake (kitako kinachouzungusha) unageuka, ndipo uuhifadhi kama prefab, yaani kipande kilichokwisha jengwa cha kutumia tena, na kuupandikiza mara kumi. Angalia sana kisanduku cha kuchagulia: kikikata sehemu ya kulishia risasi, mizinga yote kumi itakuwa na kasoro ileile.

Sasa suala la umeme. Laptop nyingi za mitumba betri zake hazikai na chaji, na umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, linaweza kubaki nusu lisifunguke. Ukiwa umetumia jina jipya, unapoteza hatua moja tu. Ukiwa umetumia la zamani, umepoteza meli. UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, inakupa muda wa kuhifadhi na kuzima. Angalia pia kama Windows imeihamishia Documents kwenye OneDrive, kwa sababu kila ukihifadhi itapakia mtandaoni na bando litaliwa. Mimi ningeuzima upakiaji huo na kunakili folda nzima kwenye flashi, hasa kabla ya kukubali toleo jipya la mchezo, kwani mabadiliko ya toleo yanaweza kubadili tabia ya meli za zamani.

Ninachokikosa ni njia ya kulinganisha rasimu mbili kando kwa kando. Inabidi ufungue moja baada ya nyingine. Na meli ikiwa na bloki nyingi, prosesa dhaifu inalemewa.

Kwenye kampeni, yaani vita virefu vya mchezo huu, kumbuka kwamba kurekebisha faili hakurekebishi meli iliyokwisha kujengwa. Iliyoko baharini inabaki na mchoro wake wa zamani hadi uifanyie ukarabati wa kuipa mchoro mpya, na ukarabati huo unakula malighafi.