Protini gramu 24? Geuza kopo usome nyuma

Ladha ni nzuri. Naanza na hilo nisije nikaonekana nina chuki: unga huu wa protini haugandi mabonge, hauachi uchungu ulimini, na kifuniko kinafunga barabara. Anayetaka kinywaji kitamu tu baada ya kunyanyua vyuma aishie hapa.

Sasa geuza kopo. Mbele wameandika protini gramu 24 kwa kijiko cha gramu 30. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, lusini, moja ya asidi amino (matofali yanayojenga protini), gramu 1.6. Namba hizo mbili haziivi chungu kimoja. Protini ya wei, ile ya maji ya maziwa yanayobaki jibini likitengwa, ina lusini kama sehemu 1 kati ya 10. Gramu 24 za wei halisi zingetoa lusini gramu 2.4 au zaidi kidogo. Ukirudisha hesabu nyuma, gramu 1.6 ni sawa na wei gramu 16 hivi. Hizo 8 nyingine ni nini?

Glisini na taurini, asidi amino zilizotiwa peke yake. Zimo kwenye orodha ya viungo, nyuma tu ya wei na mbele ya kakao, na viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Hila hii ni ya siku nyingi. Kipimo cha kawaida cha maabara hakiangalii protini yenyewe. Hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25, au 6.38 kwa vitu vya maziwa. Nitrojeni imetoka wapi, kipimo hakiulizi. Kwa 6.25, gramu 1 ya glisini husomeka kama protini gramu 1.17. Kriatini, kirutubisho cha wanyanyua vyuma, ndiyo kiboko: gramu 1 husomeka kama 2! Na taurini wala haiingii kwenye ujenzi wa protini ya msuli, hata chembe.

Niliwauliza huduma kwa wateja swali moja tu: wei tupu ni gramu ngapi kwa kijiko? Jibu: "Kaka, wenzako wanakunywa na wanajaa, wewe unahesabu." Ndiyo, nahesabu! Unga huu unanunuliwa kwa ajili ya hesabu. Mwenye kilo 75 anayelenga protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili anahitaji gramu 120 kwa siku. Akinywa vijiko 3 vya kopo hili anaandika 72, kumbe ameingiza 48. Wiki zinapita, mzigo haupandi, analaumu mazoezi.

Haya, tuwe waungwana. Si sumu. Kriatini ni kitu kizuri ikiuzwa kwa jina lake, na glisini kiasi hicho haimdhuru mtu mwenye afya. Kijiko kimoja na nusu kinafikisha lusini gramu 2.4, kwa hiyo unga unatumika, na nilikuwa nimeshaandika nyota 3. Lakini kijiko na nusu maana yake kopo la vijiko 33 linaisha kwa mara 22. Theluthi nzima ya kopo imeliwa na ujanja wao, halafu mimi ndiye msumbufu?

Kwa kopo lolote la wei, gawanya lusini kwa protini. Ikishuka chini ya 0.09, kuna kitu kimechomekwa. Hakikisha pia lusini haikuongezwa peke yake kwenye viungo, maana wapo wanaoitia makusudi ili hesabu yako ikubali. Jedwali la asidi amino halipo kabisa? Rudisha rafuni.

Nyota 2, basi: moja ya kifuniko, moja ya ladha. Ngoja. Glisini ni tamu kwa asili yake, na hutumika kufunika uchungu wa sukari bandia. Kumbe ladha niliyoisifu ndiyo zile gramu 8.

Nyota 1. Ya kifuniko.