Semrush, Ahrefs au za bure? Programu za kutafuta maneno kwa biashara za hapa Mombasa

Naulizwa mno kuhusu hizi programu za kutafuta maneno, yaani zile za kukuonyesha watu wanasachi nini Google ndo ujue uandike nini, na wengi wanaoniuliza washaona video ya mtu akisifu Semrush ama Ahrefs wakadhani bila hizo huwezi kuandika hata posti moja. Mimi naandikia biashara ndogo ndogo hapa Mombasa, duka la madera Mtaa wa Biashara, nyumba za kukodisha Nyali, na koteji moja (nyumba ndogo ya wageni) Diani. Ntasema mapema: kama wateja wako ni watu wa hapa hapa, kaa na za bure. Kama wauzia wageni wa ng'ambo, lipia, lakini mwezi mmoja mmoja.

Keyword Planner ya Google kwanza, manake ndo kila mtu aanzia hapo. Ni bure ila lazima ufungue akaunti ya matangazo, hata kama huna mpango wa kuweka tangazo. Uzuri wake waweza kuchagua Kenya ama hata mji, kwa hivyo hupewi hesabu za dunia nzima. Ubaya, kama hulipii matangazo hupewi namba kamili, wapewa mafungu, 10 mpaka 100, 100 mpaka elfu moja, elfu moja mpaka elfu kumi. Sasa elfu moja na elfu kumi jamani si kitu kimoja! Alafu ile safu ya ushindani inawachanganya watu sana, wakiona "juu" wanakimbia, kumbe hiyo ni ushindani wa wenye kulipia matangazo, haihusiani na ugumu wa posti yako kupanda juu. Na maneno yanayokaribiana huwa inayajumlisha pamoja, kwa hivyo usishangae kuona maneno mawili tofauti yana hesabu ile ile.

Hapa nikae kidogo kwa duka la madera, manake hapo ndo hizi programu zinapotofautiana. Ukiandika "dera" peke yake na umesahau kuchagua nchi, utaletewa Dera Ghazi Khan ya Pakistan na Dera Baba Nanak ya India, wala huoni nguo hata moja. Ukichagua Kenya mambo yanatulia, lakini hapo ndo unakutana na shida ya pili: sifuri. Kuna programu moja ya kulipia, sitaitaja, niliiwekea "madera ya jumla mombasa" ikanambia hakuna anayesachi. Wallahi hakuna! Na huku Search Console ya duka lenyewe, ile programu ya bure ya Google ya wenye websaiti, inaonyesha watu wanaingia kwa maneno hayo hayo, na ndugu zake, "madera wholesale mombasa", "bei ya madera", "deras in mombasa", yote yamechanganyika Kiswahili na Kizungu kama tunavyoongea. Sababu si ngumu. Hizi programu za kulipia hazina hesabu halisi za Google, zinakadiria, zinachukua hesabu za hapa na pale na data za kundi la watu ambao wanafuatwa wanavyobofya mtandaoni. Marekani kundi hilo ni kubwa, kwa hivyo kadirio linakaribia ukweli. Neno la Kiswahili linalosachiwa na watu wachache wa Mombasa na Kilifi, hapo kundi lishakuwa dogo hata halionekani. Kwa hivyo ukiona sifuri kwa neno la hapa nyumbani usilitupe, hiyo sifuri maana yake ni "sijaona", basi.

Ndo maana Search Console kwangu inashinda zote kwa biashara ambayo tayari ina websaiti. Inakupa maneno ambayo watu wameandika kweli mpaka websaiti yako ikatokea, mara ngapi ilionekana, mara ngapi ilibofywa, na ilikuwa nafasi ya ngapi. Data yake ni ya miezi 16. Mimi naangalia maneno yaliyo nafasi ya 8 mpaka 20, yaani Google ishaanza kukutambua lakini huna ukurasa unaojibu swali hilo sawasawa, basi naandika huo ukurasa. Kasoro zake ni kwamba maneno yanayosachiwa na watu wachache sana inayaficha kwa ajili ya faragha, kwenye skrini inakupa mistari 1,000 tu, na kama websaiti ni mpya hamna kitu, itabidi usubiri.

Google Trends nayo watu wanaidharau kwa sababu haitoi idadi, inatoa kipimo cha 0 mpaka 100 ambapo 100 ni pale neno lilipovuma zaidi katika muda uliochagua. Lakini kwa mtu wa Pwani hii ni lazima, na sababu yenyewe ni Ramadhani. Nguo za Idi watu wanaanza kuzitafuta kabla ya Idi, na Idi yenyewe yarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. 2024 iliangukia Aprili 10, 2025 ikawa mwisho wa Machi. Programu ikikupa wastani wa miezi 12 imeshakuvurugia, ile pilikapilika ya wiki chache imegawanywa kwa mwaka mzima, na ukifuata grafu ya mwaka jana utapandisha posti ya madera ya Idi wakati watu washavaa washapiga picha. Trends inakuonyesha kilele kikihama mwaka baada ya mwaka, data yake yaanzia 2004. Kwa nyumba za Nyali ni rahisi zaidi, Aprili, Agosti na Disemba shule zikifungwa watu wa bara wanateremka, hapo huhitaji hata grafu.

Sasa za kulipia. Ahrefs na Semrush zote mpango wa kawaida unapita dola 100 kwa mwezi, kwa hiyo toa shilingi elfu kumi na tatu na zaidi. Kwa duka la madera, hapana. Kwa ile koteji ya Diani, ndio, na hapo Semrush ilinifurahisha: unachagua Ujerumani, unaona Mjerumani kabla hajafikiria hoteli anauliza "beste Reisezeit Kenia", yaani ni msimu gani mzuri wa kwenda Kenya. Basi unamwandikia kuhusu kaskazi na kusi, mvua ya masika, mwani unapojaa ufuoni, mambo ambayo mtu wa Diani ayajua bila kufungua kitabu. Kazi hiyo Keyword Planner yaweza kuifanya pia, lakini kwa kupapasa.

Ahrefs naipendea kuchungulia washindani, kuona ukurasa gani wa hoteli jirani unaleta watu. Ile alama yake ya ugumu ya 0 mpaka 100 lakini muielewe, inahesabu websaiti ngapi zimeweka linki kwa kurasa kumi za juu, basi. Haijui kwamba ukisachi "airbnb nyali" ama "duka la madera" Google yaweza kukuwekea ramani juu kabisa, kwa hivyo unaweza kuandikiwa ugumu mdogo na bado ukakaa chini ya ramani. Fungua ukurasa wa kwanza ujionee mwenyewe. Na kama una websaiti yako, Ahrefs wana Webmaster Tools ya bure ya kuikagua, si haba.

Ubersuggest ya Neil Patel, mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, ni nafuu na wana mpango wa kulipa mara moja ukamaliza, wanaoanza wanaipenda, ila bure yake ni sachi chache tu kwa siku. Keywords Everywhere, ya kuongeza kwenye kivinjari chako, walianza kulipisha 2019, yaweka hesabu pale pale kwenye ukurasa wa Google. Sina mengi ya kusema juu yake, inafanya kazi.

Ya mwisho haina hata jina. Fungua dirisha la faragha kwa simu, andika "bei ya madera" alafu uache nafasi, usome Google inamalizia vipi, kisha TikTok vile vile, alafu uende WhatsApp ya duka usome maswali ya wateja. "Mwatuma Nairobi?" Hilo swali laulizwa kila siku pale dukani, na tulipoliandikia ukurasa wake likawa miongoni mwa kurasa zinazobofywa zaidi.

Kwa wanaotaka kulipia na hawana kadi ya benki, kadi ya M-Pesa GlobalPay yafaa. Lipa, pakua maneno yote unayoyahitaji kwenye faili la Excel wiki ya kwanza, na uzime kujilipisha siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi.